Baridi ya Kusi na Baridi ya Theluji

Bila shaka wengi wenu mtacheka mkiona kichwa cha maneno haya, na kuuliza, Je, mtu wa pwani ana habari gani za baridi? Mimi natoka Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado katika nchi ya Msumbiji, mwendo mfupi kusini ya mto Ruvuma. Nilivuka mto huo nikaja kusoma katika shule yetu hii, kisha nikajifunza kazi ya uuguzi na kurudi kwetu. Katika kazi hiyo nimewauguza watu wengi wa malaria, na wa kuhara, na waliochomwa na miba ya samaki. Lakini nimewauguza pia watu walioshikwa na baridi, wala si mmoja wala wawili, na wengine waliletwa kwangu wakiwa karibu kufa.

Nimeonelea kuandika habari hizi kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu ni watoto wa wavuvi, nanyi huenda baharini wakati wa likizo. Pili, wenzetu waliomaliza shule zamani wamekwenda kusoma na kufanya kazi katika nchi za theluji, na wengine mtawafuata. Watu hawa wawili, mvuvi wa Palma na mwanafunzi wa Kanada, wana adui mmoja, ingawa mmoja wao hajui kwamba anaye.

KIPUPWE CHA PWANI

Kwetu mwaka una pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na wakati huo bahari ina joto la digrii 29 hivi kwa kipimo cha sentigredi. Kusi huanza mwezi wa Aprili, hupata nguvu Juni, Julai na Agosti, na hapo ndipo tusemapo kwamba kipupwe kimeingia. Maji ya bahari hushuka hata digrii 25 au 26, na hewa ya alfajiri huweza kukaribia digrii 20. Juu ya nyanda za Mueda, ziinukazo zaidi ya mita 800, baridi huzidi, maana kila mtu apandapo mita 1000 hewa hupungua joto kama digrii 6, na watu wa huko huota moto usiku.

Mgeni kutoka Ulaya akisikia digrii 25 atasema kwamba hilo ni joto la kuvua shati. Naam, ni kweli kwa hewa. Walakini maji si hewa. Maji huondoa joto mwilini upesi kupita hewa tulivu yenye digrii zile zile, kiasi cha mara 25. Mwili wa mtu una joto la digrii 37, na maji yo yote yaliyo chini ya digrii 33 hivi humnyang'anya mtu aliyetulia ndani yake joto zaidi ya lile ambalo mwili waweza kulifanya. Katika bahari yetu jambo hilo huenda polepole, kwa muda wa saa nyingi, na upole huo ndio unaowadanganya watu. Mtu aangukaye katika maji ya barafu hujua mara moja kwamba yumo hatarini. Mtu wa kwetu hupoa kidogo kidogo, bila kujua, mpaka akili yake imekwisha kupungua.

MFANO WA MTUNGI

Kila mwanafunzi ameuona mtungi wa udongo ukiwekwa penye upepo ili maji yapoe. Maji kidogo hupenya udongo na kulowesha ngozi ya mtungi. Upepo huyakausha, na kila tone likaukalo huchukua joto. Ndiyo maana maji ya mtungi huwa baridi ijapokuwa jua ni kali.

Basi mvuvi aliyelowa, akikaa juu ya ngalawa katika upepo wa kusi usiku, amekuwa kama mtungi. Fulana yake ya pamba imejaa maji, upepo wazikausha nyuzi zake, na kila tone linaloondoka huondoka na joto la mwili wake. Pamba ikilowa haina faida tena; hushikamana na ngozi na kuipoza. Sufu ni afadhali, kwa kuwa hata ikilowa hubakiza joto kiasi.

Kwa hiyo kumbukeni neno hili moja kuliko yote mengine: kinachoua si theluji, bali ni maji na upepo wakikutana juu ya mwili uliochoka na wenye njaa. Theluji hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi, basi.

DALILI ZAKE

Mwili una akili yake. Joto likianza kupungua, damu hukimbia kutoka kwenye ngozi, mikono na miguu, hurudi ndani ili kuulinda moyo na ubongo. Ndipo vidole hufa ganzi. Kisha mwili huanza kutetemeka, na kutetemeka huko ni kazi, kama kukata kuni. Hufanya joto, lakini hula chakula kilichomo mwilini.

Joto la ndani likishuka chini ya digrii 35, mtu ni mgonjwa. Hushindwa kazi ndogo ndogo, kama kufungua fundo la kamba au kufunga kifungo. Hujikwaa. Maneno yake huwa mazito kama ya mlevi. Hugombana bila sababu, au hunyamaza kabisa. Chini ya digrii 32 hivi, kutetemeka hukoma. Mtu hulala usingizi, na wengine hudhani wamepata joto hata wakavua nguo zao. Chini ya digrii 28 aghalabu huzimia, na mpigo wa moyo huwa mdogo hata usisikike kwa urahisi.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Julai, ngalawa ilipinduka wakati wa magharibi upande wa kisiwa cha Vamizi, na watu watatu waliishikilia usiku kucha. Asubuhi mashua iliwaokota ikawaleta pwani, nami nikaitwa. Nilipofika niliwakuta wawili wakitetemeka hata meno yakagongana, na watu wengi wamewazunguka na mablanketi. Wa tatu, kijana mwembamba, alikuwa ameketi peke yake. Hakutetemeka hata kidogo. Alikuwa akicheka, akasema kwamba aona joto, akataka kurudi baharini kutafuta nyavu. Wengine walisema, "Huyu hajambo." Wengine walisema ameshikwa na jini wa baharini, na kwamba aitwe fundi.

Palikuwa na nahodha mzee, mtu asiyejua kusoma, aliyesafiri kwa jahazi miaka mingi. Aliniambia, "Bwana mganga, mtazame huyu kwanza. Anayetetemeka bado anapigana. Huyu ameacha kupigana."

Nikamwitikia, "Naam, mzee wangu, umesema kweli." Tukamlaza yule kijana, tukamvua nguo zilizolowa, tukamfunika kwa tanga kavu na mablanketi, na ndugu yake akajilaza kifua kwa kifua pamoja naye. Baada ya muda alianza kutetemeka, na yule nahodha alifurahi kama mtu aliyeona nchi kavu. Adhuhuri kijana alikuwa akinywa uji, wala hakukumbuka habari ya nyavu.

Hapana kitabu kilichonifunza jambo hili vizuri kama yule mzee. Basi mkiwa baharini au mlimani, pimaneni. Mwambie mwenzako agusishe kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Mwambie ahesabu toka 20 kurudi nyuma. Akishindwa, msimwulize kama aona baridi, maana jibu lake halina kazi tena. Jambo jingine: vitabu vingi husema mgonjwa huwa bluu au mweupe, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya Wazungu. Kwa mtu mweusi tazama ndani ya mdomo, ufizi na chini ya kucha. Hapo ndipo rangi huonekana.

NAMNA YA KUMSAIDIA

Mtu akiokolewa, yafaa kufanya hivi:

1. Mtoeni majini taratibu, na ikiwezekana mlazeni. Msimsimamishe wala kumtembeza, maana moyo uliopoa hushtuka kwa urahisi ukaharibika mwendo wake.

2. Mwondoeni penye upepo. Mvueni nguo zilizolowa, mkausheni, mfunikeni mwili wote pamoja na kichwa. Wekeni kitu chini yake pia, kama mkeka, majani makavu au tanga, kwa kuwa ardhi na ubao hunyonya joto.

3. Mtu mkavu, mwenye afya, ajilaze naye ndani ya blanketi. Chupa za maji ya moto kiasi, zilizofungwa katika nguo, ziwekwe kifuani na makwapani.

4. Akiwa macho kabisa na aweza kumeza vema, mpeni chai yenye sukari nyingi, au uji. Akiwa na usingizi, msimpe kitu mdomoni.

5. Mpelekeni hospitali, hata kama asema amepona.

Na haya msiyafanye. Msimsugue mikono na miguu, wala kumchua. Msimweke karibu na moto mkali, maana ngozi iliyokufa ganzi huungua bila yeye kujua. Msimpe pombe. Pombe humfanya mtu aone joto kwa kuwa huileta damu kwenye ngozi, lakini joto hilo latoka ndani kwenye moyo na lapotea nje. Tena pombe huzuia kutetemeka. Wala msiwashe jiko la makaa katika chumba kilichofungwa madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wengi duniani wamelala penye jiko ili wapate joto, wasiamke.

Jambo la mwisho katika haya: mtu aliyepoa sana asihesabiwe kuwa amekufa upesi. Kama hapumui, mbonyezeni kifua na kumpulizia pumzi kama mlivyofundishwa, mkaendelee huku mkimpeleka kwa daktari. Mnamo Mei 1999, karibu na Narvik katika nchi ya Norway, daktari wa Kiswidi jina lake Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu katika kijito. Joto la mwili wake lilishuka mpaka digrii 13.7, na moyo wake ulikuwa umesimama. Rafiki zake na madaktari wa Tromsø hawakukata tamaa, naye alipona, akarudi kazini. Ubongo uliopoa huhitaji hewa kidogo sana, na kwa hiyo waweza kungoja muda mrefu kuliko ubongo wenye joto.

KABLA YA KUTWEKA TANGA

Sasa nasema nanyi mnaokwenda baharini, na dada zetu waendao mwambani wakati wa bamvua kutafuta pweza, na wale wanaozamia majongoo ya bahari kwa saa nyingi.

Kuleni kabla ya kwenda, maana mwili wenye njaa hauna kuni za kuwasha. Chukueni nguo kavu moja, sweta la sufu likipatikana, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa sana. Mfuko mwingine mkubwa, uliotobolewa mahali pa kichwa na mikono, huzuia upepo vizuri, na bei yake ni ndogo. Kofia pia. Mzamiaji atoke majini mara anapoanza kutetemeka, ajifunike, apate joto kwanza, asiseme, "Mara moja tu tena." Na kila mtu awe na jaketi la kuokolea, alivae, asilikalie kama mto.

Ngalawa ikipinduka, msiiache. Pandeni juu yake kadiri mwezavyo, ijapokuwa upepo wavuma, maana nje ya maji ni afadhali kuliko ndani. Msiogelee kwenda pwani isipokuwa pwani iko karibu kabisa. Mtu aogeleaye hudhani anajipasha joto. Kumbe kila akirusha mkono maji mapya hupita juu ya ngozi yake, na damu yenye joto hukimbilia mikononi na miguuni ikapoe. Mkishindwa kupanda, na jaketi mnazo, kunjeni magoti mpaka kifuani, bananeni mikono ubavuni, na mkiwa wengi kumbatianeni, watoto wakae katikati. Meli ya Titanic ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, watu kama 1500 walikufa, na wengi wao walikuwa wamevaa majaketi yao na wakielea. Hawakumezwa na maji. Waliuawa na baridi, maana maji yale yalikuwa chini ya digrii sifuri.

Wala msidhani kwamba hatari hii ni ya wavuvi peke yao. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga kilichoitwa Kenneth kilipiga pwani ya Cabo Delgado kwa upepo wa kilomita 220 hivi kwa saa, na watu ambao nyumba zao ziliezuliwa walikaa katika mvua siku nyingi. Mwezi wa Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, watu walikimbilia msituni na ufukweni, na wengi walisafiri kwa mashua zilizo wazi mpaka Pemba, pamoja na watoto wachanga. Katika safari ya namna hiyo mtoto hupoa mbele ya wote, kwa sababu mwili wake ni mdogo na ngozi yake ni nyingi kwa kiasi cha mwili huo. Dawa yake haina gharama: mtoto avuliwe nguo mbichi, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe kichwa, na kanga ifungwe juu yao wawili. Madaktari wa Bogotá, nchi ya Kolombia, walianza kutumia njia hii mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na sasa hutumika katika hospitali nyingi duniani.

WAENDAO NCHI ZA THELUJI

Kwenu mliokwenda Ulaya, Urusi na Kanada nina maneno machache, maana mengi yamekwisha semwa. Huko Winnipeg, kwa mfano, mwezi wa Januari hewa huweza kushuka hata digrii 30 chini ya sifuri, na upepo mkali ukiwapo ngozi iliyo wazi huweza kuganda kwa dakika 10 hivi. Walakini sheria ni ile ile ya mtungi: uwe mkavu, ujikinge na upepo, ule vizuri.

Vaeni nguo nyembamba kadha wa kadha kuliko koti moja zito, kwa kuwa hewa iliyokaa katikati ya nguo ndiyo ihifadhiyo joto. Ya ndani isiwe ya pamba. Ya kati iwe ya sufu. Ya nje izuie upepo. Mkianza kutoka jasho, punguzeni nguo moja kabla hazijalowa. Viatu visibane, maana mguu uliobanwa haupati damu. Kunyweni maji ingawa hamna kiu. Kofia, glavu na kitambaa cha shingo si pambo.

Baridi ya huko ina jeraha lake ambalo kwetu halipo, yaani nyama ya mwili kuganda: vidole, masikio na pua. Kwa Mzungu mahali pale huwa peupe. Kwetu sisi hugeuka rangi ya kijivu, kama iliyopakwa majivu, pagumu kama nta, na hapaumi. Kule kutouma ndiko kubaya. Msipasugue, wala msipake theluji kama wengine wasemavyo. Ingieni ndani, tieni mahali hapo katika maji ya uvuguvugu ya digrii 37 mpaka 39, na mwende kwa daktari. Kama hamna budi kurudi tena katika baridi, ngojeni kwanza, maana nyama iliyoyeyuka ikiganda mara ya pili huharibika kabisa.

Na zaidi ya yote, msione haya kuuliza. Nimesikia kijana wa pwani akisema kwamba hakutaka kuonekana mwoga mbele ya wenzake, basi akatoka na koti jepesi. Wenzake wamezaliwa katika baridi, nao huiogopa. Mwenyeji akiliogopa jambo la kwao, mgeni asijifanye shujaa.

Ndugu wasomaji, wavuvi wa kwetu hujua nyota, na mikondo, na miamba iliyofichwa. Yafaa wajue na jambo hili pia, nanyi mliosoma ndio mnaoweza kuwaambia. Likizo ya mwezi wa Juni, kusi ikiwa na nguvu, mkirudi nyumbani waambieni baba zenu, kaka zenu na dada zenu: asiyetetemeka tena atazamwe kwanza. Tahadhari kabla ya hatari.